Umeuliza Kama Mgonjwa Wako Amegeuzwa?

Mpenzi msomaji, unapoenda kumwona mgonjwa hospitalini, bila shaka huuliza kama amepewa dawa. Je, umewahi kuuliza kama amegeuzwa?

Mgonjwa asiyejiweza akilalia ubavu mmoja kutwa, damu haipiti vyema mahali palipokandamizwa. Ngozi hubadilika rangi, kisha hufanya kidonda. Kidonda hicho chaweza kumwua, hata kama ugonjwa uliomleta ulikuwa umeanza kupona.

Wengi wetu hukimbilia kusema kuwa wauguzi ni wavivu. Lakini mwaka wa 2006 mtaalamu wa uuguzi kutoka Marekani, Beatrice Kalisch, alichapisha mambo tisa ambayo wauguzi wenyewe walikiri kwamba huachwa mara kwa mara. Miongoni mwayo ni kumgeuza mgonjwa, kumtembeza, kumlisha kwa wakati, kumsafisha na kumliwaza. Sababu mojawapo ilikuwa uchache wa wauguzi. Nyingine ilikuwa mazoea: ukiacha jambo leo, kesho ni rahisi zaidi kuliacha.

Hapa kwetu, mwaka wa 2017 na 2018, watafiti walifuatilia utunzaji wa watoto wachanga 216 katika hospitali sita za Nairobi. Waliona huduma nyingi zikikosekana, hasa pale ambapo muuguzi mmoja alitunza watoto wengi.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni kimya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Katika wodi ambamo anayekiri kuwa hakuwahi kufanya jambo hukemewa mbele ya watu, kesho yake ataandika kwamba amelifanya. Wa zamu ya usiku atasoma karatasi hiyo na kuamini. Mgonjwa atabaki vile vile alivyolala tangu asubuhi.

Hospitali iliyo salama ni ile ambayo muuguzi anaweza kusema, "Sikuwahi kumgeuza mzee wa kitanda cha pili," na wenzake wakaenda kumgeuza kwanza, kisha wakatafuta sababu.

Nawe una wajibu wako. Usimgeuze mgonjwa kabla ya kuonyeshwa, kwani huenda ameumia uti wa mgongo. Uliza kwa upole: "Sista, mama amegeuzwa saa ngapi? Nikusaidie?" Jibu lisiporidhisha, mwone msimamizi wa wodi.

Swali hilo halikugharimu hata senti moja, msomaji, na huenda likamrudisha mama nyumbani.