Upepo wa Mwisenge Una Maji

Oya mura, unamkumbuka yule mshua wa Kituruki wa Olimpiki ya Paris? Ilikuwa Julai 30, 2024. Wenzake wamejifunga vilenzi usoni na vikinga mwanga kama mafundi saa, yeye kaja na tisheti, miwani yake ya kila siku, mkono mmoja mfukoni. Kalenga, kasepa na medali ya fedha yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Yusuf Dikeç, miaka 51, dunia nzima ikamgeuza stika za WhatsApp. Kitu ambacho wana wengi hawakukishtukia ni kwamba bastola ile haina hata chembe ya baruti. Ni upepo mtupu. Chini ya mtutu kuna kimtungi kimejazwa upepo wa bar 200 hivi, ukibonyeza kinatema kidogo, risasi inakwenda kutoboa karatasi mita 10 mbele.

Bar 200 ni noma, na wenye bunduki za upepo za kisasa wanapanda mpaka 300. Pale kila sentimita moja ya mraba inabeba kilo 300, yaani mifuko sita ya simenti imekaa juu ya ukucha wako wa kidole gumba. Sasa shuka nayo mpaka kitaa. Tairi la nyuma la boda linakula psi 30 na kidogo, ambayo ni bar 2. Semitrela inayotoka Sirari inataka psi 110 au 120, hapo ndipo kompresa ya kijiweni inakunja uso, kwa sababu nyingi zinakata kwenye bar 8 na habari imeisha.

Hapa Mwisenge, Musoma, hatuna bastola za Olimpiki. Na silaha ni habari ya polisi na vibali, iwe ya baruti au ya upepo. Usiibebe kwenye begi ukaniletea kesi. Ila upepo wa kubanwa tunao, na kuna machalii wanaula kinoma. Nyerere alianza darasa la kwanza hapa hapa, Shule ya Msingi Mwisenge, mwaka 1934, enzi ambazo Butiama na Musoma zilikuwa zinaunganishwa na miguu ya mtu. Leo hiyo safari ni boda, ni Hiace, ni Probox iliyojaza mpaka buti, na vyote hivyo vinatembea juu ya upepo wa mtu fulani. Huyo mtu ana kompresa. Anajaza tairi, anapuliza filta ya hewa, anakausha injini iliyooshwa, anapiga rangi bodi za magari, jioni anawajazia madogo mpira wa ndondo bure ili wasije wakamtoboa tairi zake. Mashine moja, mishemishe tano.

Ndiyo maana kila mse aliyevuna hela ya dagaa au ya mashimo ya dhahabu ya Buhemba anawaza kuivuta moja. Na hapo ndipo mbwembwe zinaanza. Anataka ile yenye vichwa viwili, tanki refu kama ng'ombe, rangi nyekundu ya kuonekana kutoka barabarani. Anaiweka mbele ya banda, anapiga picha, anaposti. Ikifika miezi kadhaa, mashine inaanza kutema vumbi la kutu kwenye tairi za wateja, na mwenyewe anaapa kauziwa feki. Mara nyingine kweli kauziwa feki. Mara nyingi zaidi hajawahi kufungua koki ya chini tangu ainunue.

Sikiliza hii rada vizuri, maana ndiyo habari yenyewe. Upepo wa ziwani una maji. Ukiubana, maji hayabaniki, yanadondoka. Chukua tanki la lita 100: kulijaza mpaka bar 8 unameza lita 800 za hewa ya mtaani, na kwa unyevunyevu wetu huu wa Nyanza kila mjazo unaacha chini ya tanki kitu kama vijiko viwili vya chai vya maji. Unaona ni kidogo? Jaza mara ishirini kwa siku, umepata glasi. Usipomwaga wiki nzima, unatembea na zaidi ya lita moja inayokula chuma kutoka ndani, sehemu ambayo hakuna jicho linafika. Tanki si lazima livuje kwanza likupe taarifa. Linakonda kimyakimya, halafu siku moja linaweza kupasuka likiwa na upepo wote ule ndani, na vipande havichagui nani fundi nani mteja.

Dawa yake ni koki ya shilingi chache pale tumboni. Jioni ukifunga, acha upepo kiasi ndani, fungua taratibu, yatoke maji machafu ya rangi ya kutu mpaka usikie upepo mkavu. Dakika moja, na haina gharama. Chalii anayefanya hivyo kila siku namheshimu kuliko mwenye vichwa viwili.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji wa Kariakoo hatakwambia, si kwa ubaya, ni kwa sababu yeye yuko usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13. Kila pistoni ikivuta, inavuta hewa pungufu. Mashine iliyojaza tanki kwa dakika saba Dar, hapa itahangaika mpaka nane. Haijaharibika. Ila inachoka zaidi na inapata joto zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo ukinunua chukua yenye nguvu kidogo kuliko unayodhani inakutosha, na usiiweke kwenye kona isiyopitisha hewa eti wezi. Wezi funga mnyororo.

Mambo ya umeme ndiyo yanamaliza mota nyingi. Banda liko mbali na mita, mtu anavuta waya mwembamba kama wa redio kupita juu ya mabati matatu, umeme unafika umechoka, mota inaguna haizunguki, inaungua. Unaanza safari za kwa fundi wa kusuka mota, na wana wa boda wanahamia kwa jirani. Wakishahama kuwarudisha si kitoto. Waya mnene, mfupi. Halafu sikiliza ule mlio wa pssss mashine inapokata. Ile si hitilafu, ni swichi ya presha inatoa upepo uliobaki kichwani ili mota ianze tena bila mzigo. Siku ikikata kimya bila pssss, usishangae ikishindwa kuamka.

Oili nayo ina siasa zake. Wengi wanatia iliyobaki kwenye chupa ya boda. Oili ya injini imechanganywa na dawa za kubeba uchafu, kitu kizuri kwenye injini yenye filta ya oili, lakini kompresa ndogo haina filta hiyo, kwa hiyo uchafu unaendelea kuzunguka na valvu zinashika masizi. Tafuta oili ya kompresa. Mashine mpya ibadilishie mapema, maana ringi zinapokaa sawa zinaacha unga wa chuma. Ukichungulia kile kioo cha pembeni ukaona oili imekuwa nyeupe, maji yameshaingia, mwaga yote. Mkanda ubonyeze katikati kwa kidole: ukishuka kama sentimita moja uko freshi, ukining'inia kaza, ukigoma kabisa umeubana mpaka unaua beringi.

Kuna kitu kimoja sitakitania. Ile valvu ndogo ya usalama juu ya tanki, yenye kipete cha kuvuta, kuna watu ikianza kuvuja wanaitoa na kuziba tundu kwa bolti. Mse, hiyo sio ubunifu. Hiyo valvu ndiyo kitu pekee kinachosimama kati yako na swichi iliyogoma kukata. Nunua nyingine.

Sasa kuna madogo kadhaa, wamekesha YouTube, wanauliza kama kompresa ya pancha inaweza kujaza bunduki ya upepo. Haiwezi, hata ikeshe. Bar 8 haizai bar 300. Zile ni mashine nyingine kabisa: silinda kubwa inabana kwanza, inakabidhi kwa ndogo, ndogo inabana tena, na katikati kuna mfumo wa kupooza, kwa sababu hewa ukiibana kiasi kile inakuwa moto wa kuwasha mvuke wa oili. Ndiyo maana wenyewe wanaogopa grisi ya kawaida karibu na upepo ule kama ugonjwa. Zile ndogo za Kichina, kama Yong Heng, unafungua koki kila baada ya dakika chache, siyo jioni, na ukiona joto linapanda unazima unasubiri. Filta ya kukausha inabadilishwa kila ikilowa, la sivyo kutu inaanzia ndani ya bunduki yenyewe. Yaani koki ileile ya Mwisenge, ila haikupi hata muda wa kujibu simu. Kabla ya haya yote, jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo ya Girardoni tangu 1780, na kujaza mtungi wake mmoja kwa pampu ya mkono ilikuwa misukumo kama 1,500. Fikiria mikono ya hao wanajeshi.

Kwa Bongo, upepo wa presha kubwa namna ile utaukuta kwa Zimamoto, wanajazia mitungi ya kupumulia kwenye moshi, na kwa wazamiaji wa watalii kule Zanzibar na Mafia. Huo unachujwa mpaka unafaa kuingia mapafuni. Wa kwako haufai. Upepo wa kompresa ya pancha umebeba mvuke wa oili, na kama inaendeshwa na injini ya petroli iliyo jirani na mdomo wa kuvutia, umebeba na moshi wake. Kwa hiyo mtu akija na wazo la kushusha paipu ziwani ili azamie kutafuta nyavu au injini ya mtumbwi, mkatalie hata akipanda dau.

Kama bado mkwanja haujatosha mpya na unawinda ya mkononi, iwe Mwanza, Tarime au Bunda, usidanganywe na rangi. Rangi mpya kwenye tanki la zamani inanitia wasiwasi kuliko kutu ya wazi. Mwambie muuzaji aijaze mbele yako mpaka ikate, aizime, mkae robo saa mkipiga stori, halafu angalieni geji imeshuka kiasi gani. Kisha amwage upepo wote na ailaze chali uone tumbo. Gongagonga kwa bisibisi kuzunguka koki: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Angalia kama kuna sehemu imechomelewa. Tanki la presha lililochomelewa na fundi wa madirisha ni la kupandia maua. Na akikataa kuilaza, eti nzito, eti ana haraka, mpe mkono, rudi na hela yako Musoma.