IGBT Kubwa Haitaokoa Draivu Yako

Swali ni lile lile, anayebadilika ni muulizaji tu: draivu ya mota ya mashine ya kusaga imeunguza IGBT kwa mara ya pili, je, nikiweka ya ampea 150 mahali pa ile ya 75 si itadumu? Haitadumu. Huenda hata ikaungua mapema kuliko uliyoitoa.

Wanaouliza hivi wanaichukulia IGBT kama waya: ikinenepa, inavumilia zaidi. Lakini transista hizi mara nyingi haziuawi na mzigo. Huuawa na mikrosekunde chache za kuwashwa vibaya. Kila fezi ina mbili, ya juu na ya chini, zimekaa kati ya chanya na hasi ya umeme wa DC, kiasi cha volti 565 kwa draivu ya volti 400. Zikiwaka pamoja ni shoti tupu, na kapasita zote humiminikia hapo. Ndiyo maana prosesa huacha pengo, mara nyingi mikrosekunde 2 au 3, kati ya kuzima moja na kuwasha mwenzake.

Pengo hilo limepangwa kwa transista iliyokuwapo. Geti la ile kubwa linadai chaji nyingi zaidi, na sakiti inayoliendesha haina ubavu wa kuiondoa haraka. Transista inachelewa kuzima, pengo linakwisha, mwenzake anawashwa. Na kwa kuwa ni kubwa, mkondo wa shoti nao ni mkubwa. Umenunua mlipuko wa bei mbaya.

“Lakini draivu ni ya dijitali, prosesa itaona.” Itaona lini? Ikikatakata umeme mara 8,000 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni mikrosekunde 125. Prosesa hupima mkondo, hukokotoa, na kwa kawaida amri hutekelezwa mzunguko unaofuata. IGBT nyingi za draivu huvumilia shoti kwa takriban mikrosekunde 10. Programu inafika kwenye moshi. Kinga ya kweli iko kwenye sakiti ya geti, inayochunguza volti kati ya kolekta na emita na kuzima bila kusubiri amri ya mtu. Sakiti hiyo mara nyingi hufa pamoja na IGBT ya kwanza, na mafundi wengi hawaigusi!

Basi: subiri kapasita ziishe chaji, kisha pima, usikisie. Weka IGBT ya namba ile ile, zote mbili za fezi hiyo, au moduli nzima. Badilisha IC na rezista za geti. Angalia mawimbi ya geti kwa osiloskopu kabla ya kurudisha umeme mkubwa. Pima mota kwa mega ikiwa imechomolewa kwenye draivu, la sivyo utaiua draivu yenyewe. Washa kwanza kupitia balbu mbili za waya za wati 100, kwa mfululizo. Zikikaa zinang'aa, shoti bado ipo.

Huna osiloskopu wala mega? Usifungue draivu ya mteja. Ipeleke kwa mwenye navyo.