Leza ya Gesi Haichomi Gesi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa tafsiri makala fupi ya kisayansi kuhusu jinsi leza za nusukipitishi (wengine husema semikonda) zinavyochukua nafasi ya leza za gesi katika litografia na holografia. Wengi waliandika kwamba leza za zamani zilitumia gesi, ilhali za sasa zinatumia umeme, kana kwamba wanalinganisha majiko. Baya zaidi, tuliwapa vema. Mwanafunzi mmoja aliyekosa alama kwa kuandika vingine alikuja ofisini kudai haki yake, ikatubidi tukasome upya.

Leza zote mbili hutumia umeme. Zinatofautiana katika kile kinachotoa mwanga. Katika leza ya gesi, umeme hupitishwa ndani ya neli yenye gesi kidogo, kwa mfano mchanganyiko wa heli na neoni. Atomi zikisisimka hutoa mwanga, nao hurudishwa huku na huko kati ya vioo viwili mpaka utoke ukiwa mwale mmoja. Hakuna kinachoungua. Katika leza ya nusukipitishi, kazi hiyo hufanywa na kipande cha fuwele kidogo kuliko punje ya mchele. Ile ya heli na neoni huhitaji zaidi ya volti 1,000. Fuwele itoayo mwanga mwekundu huridhika na volti 2 hivi.

Anayetaka mfano wa karibu aende Wandegeya, kwenye maduka ambamo wanafunzi hupanga foleni kuchapa tasnifu. Ndani ya printa, mwale wa leza huchora herufi juu ya mcheduara, na unga wa wino hunata palipochorwa. Printa ya IBM 3800, iliyotangazwa mwaka 1975, ilitumia leza ya heli na neoni, na ilikuwa mtambo wa kuwekewa chumba. HP LaserJet ya mwaka 1984 ilikaa mezani, na kifuwele hicho ni sababu mojawapo.

Hata maneno "za zamani" na "za sasa" yanapotosha. Leza ya heli na neoni ilipatikana mwaka 1960, ya nusukipitishi mwaka 1962. Iliyochelewa ni rangi: zambarau na buluu hazikupatikana kwa leza hizi hadi miaka ya 1990, kwa kazi ya Shuji Nakamura huko Japani. Baada ya hapo, leza za zambarau za nanomita 405 ziliziondoa leza za argoni katika mashine nyingi za kuandaa mabamba ya uchapaji.

Hapo ndipo neno "litografia" linapotega. Kwa mchapaji ni kuchapa kwa bamba, ufundi ulioanza kwa jiwe. Kwa mtengenezaji wa chipu za kompyuta ni kuchora saketi kwa mwanga, na huko leza za gesi hazijaondoka: mwanga wa nanomita 193 bado hutolewa na leza ya argoni na florini. Mfasiri asiyejua ni litografia ipi ataandika uongo kwa Kiswahili fasaha.

Holografia nayo ina sharti lake. Mawimbi ya mwanga lazima yaende sambamba kama askari wa gwaride, ama sivyo picha haitokei. Leza ya heli na neoni hutii bila shida. Ya nusukipitishi, ikipata joto, hurukaruka rangi, kwa hiyo hutulizwa kwa vifaa vya ziada. (Hologramu ya kadi ya benki haichorwi kwa leza moja moja, leza hutengeneza nakala mama, nyingine hugongwa kama muhuri.)

Yule mwanafunzi alikuwa ameandika "leza ambayo mwanga wake hutoka katika gesi". Ni maneno marefu, lakini ni sahihi. Alama zake amerudishiwa, na waliopewa vema kimakosa watafasiri aya hiyo upya.