MKANDA UNAOSIKILIZA MOYO WA MTOTO

Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Tabora kwenda Bagamoyo kwa miguu, wamebeba pembe za ndovu. Wengine walifuatana na wake zao. Mama akishikwa na uchungu njiani, alijifungulia huko huko. Mtoto akizidiwa tumboni, nani angejua?

Siku hizi mama wa Urambo au Sikonge anaweza kujifungulia zahanati au hospitali. Lakini swali ni lile lile. Mtoto aliye tumboni hawezi kusema. Tutajuaje kwamba yumo hatarini?

MOYO NDIO UNAOSEMA

Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara 110 mpaka 160 kwa dakika. Uchungu ukikaza, tumbo la uzazi hubana. Damu inayompelekea mtoto oksijeni hupungua kidogo. Mtoto mwenye nguvu huvumilia. Akizidiwa, mapigo ya moyo wake hubadilika, na mara nyingi huwa ya polepole. Asiposaidiwa upesi anaweza kufa, au kuzaliwa hapumui.

Kwa miaka mingi mkunga ametumia chombo chenye umbo la tarumbeta ndogo. Hukiweka juu ya tumbo, hutega sikio, akahesabu. Hutakiwa kusikiliza kila baada ya dakika 15 mpaka 30, na mama anaposukuma, kila dakika 5. Ni kazi nzuri. Lakini mkunga akiwa peke yake usiku, na kina mama wanne wana uchungu, afanyeje?

KIFAA KIITWACHO MOYO

Kampuni ya Laerdal ya Norwei ikatengeneza kifaa kidogo. Jina lake ni la Kiswahili: Moyo. Mama hufungwa kifaa hicho tumboni kwa mkanda. Hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio letu haliyasikii. Mawimbi hayo hugonga moyo wa mtoto na kurudi, kama mwangwi urudivyo kutoka kwenye majabali. Kifaa huhesabu mapigo wakati wote. Mapigo yakiwa mabaya, hulia kumwita mkunga.

Daktari Benjamin Kamala, Mtanzania, alikichunguza kifaa hicho alipokuwa akisomea shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Stavanger, Norwei. Uchunguzi mmoja ulifanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kina mama wengine walifungwa kifaa muda wote. Wengine walipimwa kila baada ya muda. Kifaa kilichofungwa kiligundua mapigo mabaya mara nyingi zaidi. Lakini hali za watoto walipozaliwa hazikuonyesha tofauti ya wazi.

Kwa nini? Kwa sababu kengele haizimi moto. Lazima watu waje na ndoo za maji.

TABORA NAYO IMO

Kwa hiyo mpango uliofuata haukuleta vifaa peke yake. Ulifanyika katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa 5: Tabora, Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga na waganga walifanya mazoezi mafupi, tena mara kwa mara, kwa kutumia mwanasesere. Walijizoeza kumpa hewa mtoto asiyelia katika dakika ya kwanza, na kuzuia damu nyingi isimtoke mama. Kisha walikaa pamoja kuangalia hesabu zao wenyewe.

Watu walihesabu kuanzia Machi 2021 hadi Desemba 2023. Kabla ya mpango, katika kila uzazi 1,000, watoto 15.3 walikufa wakati wa uchungu au katika siku ya kwanza. Baada yake walikuwa 12.5. Maana yake, katika kila uzazi 1,000, karibu watoto 3 zaidi walikuwa hai.

SISI TUFANYE NINI?

Si kila kituo kina kifaa hiki. Tarumbeta ya mkunga, ikitumiwa kwa wakati wake, nayo huokoa. Lakini hakuna chombo kinachoweza kumsikia mtoto ambaye mama yake bado yuko njiani, juu ya baiskeli.

Baba, weka nauli mapema. Mama, uchungu ukianza, maji yakitoka, ukiona damu, au mtoto akiacha kucheza, usingoje kukuche. Ukifungwa mkanda, uliza: "Nesi, mtoto wangu anapiga ngapi?" Kikilia, mwite mkunga. Usione haya. Kifaa kinasikia, lakini anayeokoa ni mtu.