Chiriku wa Ufipa: Namna ya Kuwatambua na Kuzielewa Tabia Zao

Katika mashamba ya mahindi, maharagwe na ulezi yanayouzunguka mji wa Sumbawanga huonekana ndege wadogo wenye rangi ya manjano na kijani, ambao huruka kwa makundi na kulia bila kuchoka. Hao ni chiriku. Mlio wao umewapatia hata binadamu jina: mtu msemaji sana huitwa chiriku. Hata hivyo, wakulima wengi huwachanganya na kweleakwelea, adui mkubwa wa nafaka. Kosa hilo lina hasara mbili: ndege asiye na madhara makubwa huuawa, na mharibifu halisi huachwa akiendelea na kazi yake.

Chiriku wamo katika jamii iitwayo Fringillidae, yenye ndege wa Ulaya, Asia, Afrika na Marekani. Chiriku wa Ulaya aitwaye Spinus spinus, mwenye utosi mweusi, huishi katika misitu ya nchi za baridi wala hafiki Ufipa. Ndugu zake wa Kiafrika ndio wapatikanao katika uwanda huu, ambao kwa sehemu kubwa umeinuka kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika milima ya Mbizi iliyo juu zaidi.

Ili kumtambua chiriku, yafaa kuchunguza mambo matatu. Kwanza, mdomo wake ni mfupi na mnene kama pia, chombo kifaacho kwa kumenya mbegu. Pili, ncha ya mkia ina pengo katikati. Tatu, anaporuka hupanda na kushuka kama wimbi.

Aina iliyoenea zaidi ni chiriku paji-njano, ambaye wataalamu humwita Crithagra mozambica. Urefu wake ni sentimeta 11 hadi 13. Paji na tumbo ni manjano, utosi ni wa kijivu, na mstari mweusi hushuka kutoka kwenye mdomo kupita pembeni mwa koo. Chiriku mdomo-mnene humshinda kwa ukubwa, na mdomo wake ni mzito zaidi. Katika nyanda za juu yupo pia chiriku utosi-njano, ambaye dume lake lina mabaka ya manjano mabawani na michirizi myeusi mgongoni.

Kweleakwelea ni tofauti. Rangi yake ni ya kahawia, na dume huwa na mdomo mwekundu. Huruka katika makundi ambayo huweza kufikia mamilioni, na ndege mmoja huweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Chiriku naye hudonoa nafaka mara mojamoja, lakini chakula chake kikuu ni mbegu za nyasi na za magugu, zikiwemo za mimea ya jamii ya alizeti. Hula pia wadudu.

Tabia za uzazi nazo husaidia utambuzi. Kweleakwelea na ndege wengine wa jamii ya mnana hufuma viota vilivyofunikwa juu. Chiriku hujenga kiota kilicho wazi kama kikombe, katika kichaka au panda ya mti. Jike la paji-njano hutaga mayai matatu au manne, kisha huyaatamia kwa majuma mawili hivi, huku dume likimletea chakula.

Uzuri wa sauti umemletea chiriku hatari nyingine, yaani kutegwa na kufungiwa vizimbani. Chiriku paji-njano aliuzwa kwa wingi katika nchi za nje, na baadhi yao walizaliana huko, kama vile katika visiwa vya Hawaii. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Dawa zinyunyizwazo kuua kweleakwelea hazichagui: ndege yeyote aliyelala mahali hapo hufa. Kwa hiyo utambuzi sahihi lazima utangulie hatua yoyote. Wanafunzi wa shule za sekondari waweza kuanza kwa daftari na penseli tu. Kila juma, asubuhi, waandike tarehe, mahali, idadi ya ndege, umbo la mdomo, rangi ya utosi na mmea ambao ndege alikuwa akiula. Baada ya mwaka mmoja kumbukumbu hizo zitaonyesha ni ndege gani aingiaye shambani wakati ulezi unapokomaa, na ni yupi aliyekuwa akila magugu pembezoni mwake.