Kabla ya kununua betri nyingine, chungulia waya wa athi

Dada yangu ameolewa Ngoliba, upande wa mashariki wa Thika. Kwa msomaji wa Mombasa au Malindi asiyepajua, ukifika Thika unashika barabara ya Garissa, unapita mashamba ya mananasi, kisha unaanza kuteremka kuelekea nchi ya joto na vumbi, mlima wa Kilimambogo ukiwa upande wako wa kulia. Mwezi uliopita nilikwenda kuwajulia hali. Nilipanda basi, gari langu nikaliacha nyumbani.

Usiku wa pili, yapata saa nane, mama yake shemeji alibanwa na kifua. Ana ugonjwa wa pumu na dawa ya kuvuta ilikuwa imemwishia. Shemeji akakimbilia gari lake, gari dogo lililotoka Japani, ambalo mchana hulitumia kupeleka mboga sokoni Thika. Akazungusha ufunguo. Tka. Akazungusha tena. Tka-tka-tka. Taa za dashibodi zikafifia, zikazimika. Kulisukuma lisingesaidia, kwa sababu ni otomatiki, na otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Tukabaki tumesimama uani na tochi, mama wa watu akipumua kwa shida, mpaka jirani mmoja alipoamka na pikapu yake. Namshukuru Mungu, tulimfikisha hospitali na sasa yuko salama.

Kilichoniuma zaidi nilikisikia asubuhi. Betri ile ilikuwa na miezi minne tu. Nayo ilikuwa ya tatu katika muda wa miezi 14, kila moja karibu shilingi 8,000. Shemeji alikuwa tayari ameanza kuulizia bei ya betri ya nne.

"Shida ni athi"

Nilimwomba asubiri kidogo. Tukampigia simu fundi mmoja wa umeme wa magari kutoka Thika, akaja kwa bodaboda na mfuko mdogo mgongoni. Hakuja na betri. Alikuja na maltimita, ile mita ya kupimia umeme, na brashi ya waya. Akapima hapa, akapima pale, kisha akainua kichwa.

"Mzee, betri haina makosa. Shida ni athi."

Nikadhani anausema Mto Athi, ule unaoporomoka kwenye Fourteen Falls si mbali na hapo, na ambao ukifika kwetu pwani tunauita Galana na Sabaki kabla haujamwagika baharini karibu na Malindi. Akacheka. Alikuwa akiusema waya mnene mweusi unaotoka ncha hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha gari na cha injini. Mafundi huuita athi.

Hapa tulie kidogo, kwa sababu matatizo mengi ya umeme wa gari yanaanzia hapa. Umeme hutembea kwa kuzunguka. Hutoka ncha chanya ya betri, ukafanya kazi kwenye taa, stata au redio, kisha lazima urudi betrini kupitia ncha hasi. Katika gari, njia ya kurudi si waya mmoja kwa kila kifaa. Ni mwili wenyewe wa gari, yaani vyuma. Athi ndiyo daraja la kuvukia kutoka kwenye vyuma hivyo kwenda betrini. Daraja likioza, kila kitu kinakwama, hata kama betri imetoka dukani leo.

Fundi alitupimia mbele ya macho yetu. Aliweka ncha moja ya mita kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akamwambia shemeji azungushe ufunguo. Pale hapatakiwi kuonekana zaidi ya nusu volti. Mita ikasoma zaidi ya volti 3. Maana yake, kati ya volti 12 za betri, 3 zilikuwa zinapotelea kwenye waya mmoja mchafu. Stata inakula umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote garini, na kwa hiyo ndiyo ya kwanza kulalamika.

Alipoifungua athi, tuliona mwisho wake umejaa unga wa kijani, na nusu ya nyuzi za shaba zimekatika. Waya mpya pamoja na kazi ya kuufunga havikufika hata robo ya bei ya betri.

Mwizi wa usiku

Lakini kijana yule hakuishia hapo, na ndiyo maana namsifu. Betri yenyewe ilikuwa inasoma volti 12.1, yaani imepungua nguvu zaidi ya nusu. Akauliza, "Gari limelala siku ngapi bila kuwashwa?" Siku mbili. Akasema, "Basi kuna kitu kinakula umeme usiku."

Alifunga milango yote, akatuambia tusiguse chochote kwa nusu saa ili kompyuta za gari zilale, kisha akaipitisha mita kwenye njia ya betri. Gari lililolala likiwa zima hutumia kidogo sana, kwa kawaida chini ya miliampea 50, kwa ajili ya saa, kumbukumbu za redio na kufuli za milango. La shemeji lilikuwa linakula miliampea 400. Piga hesabu: 0.4 mara saa 24 ni karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri ndogo ya ampea-saa 40 ikikaa siku mbili, nusu yake imekwenda.

Mwizi alikuwa kengele ya kuzuia wizi! Ilifungwa baada ya gari kununuliwa, waya zake zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe mweusi, wala hakuna fyuzi. Ilipotolewa, mita ikashuka hadi miliampea 30. Injini ilipowashwa, betri ikasoma volti 14.2. Shemeji akashika kiuno, akainamisha kichwa. Alikuwa akizihesabu zile betri tatu.

Malalamiko niliyoyasikia

Kesho yake nilimfuata fundi yule kwenye kibanda chake Thika, nikakaa kwenye benchi kutwa nzima. Wenye magari walikuja mmoja mmoja, na baada ya saa chache nikaona malalamiko yao yanajirudia.

La kwanza ni hili la kutowaka asubuhi. Anza na betri, lakini usiishie hapo. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na 12.0 ni robo. Ukiichaji ikajaa na gari bado linagugumia, tazama ncha zake, athi, kisha stata.

La pili ni gari linalowaka vizuri, lakini ukienda safari linazimika njiani au taa nyekundu yenye picha ya betri inawaka. Taa hiyo haisemi betri mbovu. Inasema betri haichajiwi. Kazi ya kuchaji ni ya alteneta, inayozungushwa na mkanda wa injini. Injini ikiwaka, betri inatakiwa isome kati ya volti 13.8 na 14.7. Magari mapya yenye alteneta inayoongozwa na kompyuta yanaweza kushuka chini ya hapo kwa muda, lakini taa ile haitakiwi kuwaka. Ukiiona usiku, zima redio, feni na kila usichokihitaji, na utafute mahali salama pa kusimama kabla gari halijachagua lenyewe. Barabara ya Garissa ina malori yasiyolala, sawa na ile yetu ya Mombasa kwenda Nairobi. Gari lililozimika gizani bila hata taa za dharura ni mtego. Weka vile vibao vyako viwili vya pembetatu mbali na gari, si hatua tatu nyuma yake.

La tatu ni taa nyingi za dashibodi kuwaka kwa pamoja: breki, mifuko ya hewa, injini, usukani. Mwenye gari huona ameharibikiwa na kila kitu. Mara nyingi ni kitu kimoja. Magari ya siku hizi yana kompyuta nyingi ndogo zinazozungumza kwa waya za pamoja, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986. Volti zikishuka kwa sababu ya betri dhaifu au athi chafu, kompyuta hizo hukosa kuelewana na kila moja huwasha taa yake. Kwa hiyo pima volti kwanza, ndipo ununue sensa.

La nne ni fyuzi kuungua kila mara. Mtu mmoja alikuja na fyuzi ya bluu ya ampea 15 iliyoungua mara tatu, na mtu wa gereji alikokwenda kwanza alikuwa amemwekea ya kijani ya ampea 30 "ili iwe ngumu". Huko ni kuuchezea moto. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiweka kubwa zaidi, au ukaziba kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, kinachofuata kuyeyuka ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, miguuni mwako. Fyuzi ikiungua mara mbili, tafuta waya uliochubuka.

Kwa nini pwani tunaumia zaidi

Nimeyaandika haya kwa ajili ya watu wa kwetu hasa. Ngoliba adui ni vumbi na mitikisiko ya barabara. Kwetu ni chumvi. Hewa ya bahari, joto na unyevu huila shaba na risasi polepole, na gari linalolala Nyali, Likoni au Kilifi mjini huota ule unga wa kijani na mweupe upesi kuliko la Thika. Joto nalo huzeesha betri, kwa maana kemikali zake hufanya kazi haraka zaidi.

Kumbuka pia magari yetu yanatoka wapi. Kwa kanuni ya Kenya ya KS 1515, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na wanunuzi wengi huchukua lililokaribia ukomo huo kwa kuwa bei ni nafuu. Mengine yametumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Waya za chini zimeshaanza kuliwa kabla gari halijateremshwa bandarini Kilindini. Sisemi usinunue. Nasema ukikagua, usitazame rangi na viti pekee, fungua boneti utazame athi.

Unachoweza kufanya mwenyewe

Kila miezi mitatu, zima gari na ufungue ncha za betri. Anza na hasi kutoa, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho, ili spana isigusane na chuma ikalipua cheche. Sugua kwa brashi ya waya na maji ya moto yenye magadi kidogo, suuza, kausha, kaza barabara, kisha paka grisi. Fuata athi kwa mkono mpaka inapofungwa kwenye injini, ukaze na huko.

Ukiazima umeme kwa gari jingine, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Betri hutoa gesi inayoshika moto.

Na fundi akitaka kung'oa ncha ya betri injini ikiwa inanguruma ili "ajaribu alteneta", mwambie kwa heshima aache. Njia hiyo ilikuwa na nafuu kwenye magari ya kale yasiyo na kompyuta. Kwenye gari la leo, umeme wa alteneta unaweza kuruka ghafla ukachoma kompyuta ya injini, na bei yake si ya kuisikia ukiwa umesimama. Mita ya kawaida inatoa jibu hilo kwa sekunde tano.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shemeji alijenga ukuta wa betri tatu, na bado ufa ulikuwepo. Siwalaumu mafundi wote, kwani wapo waaminifu na nimewaona. Lakini tumezoea kumwuliza fundi, "Nibadilishe nini?" kabla ya kumwuliza, "Umepima nini?" Swali la pili halina gharama. Akikosa jibu, funga boneti na uende kwa mwingine.

Siku ya kuondoka, shemeji alinisindikiza hadi stendi ya Thika kwa gari lile lile. Liliwaka kwa mguso mmoja. Nyuma alikaa mama yake, akienda kliniki, na dawa yake ya kuvuta mkononi. Mimi nilipofika Mombasa, hata begi sikulifungua. Nilikwenda moja kwa moja kuinua boneti ya gari langu, na athi niliikuta ya kijani.