Kwihara, Njia Isiyo na Magurudumu

Kwihara ni jirani tu na Tabora mjini. Hapo ndipo lilipo jumba la tembe alimokaa mpelelezi David Livingstone mwaka 1872, akisubiri wapagazi. Nilishika mlango wake wa nakshi, nikawawaza Wanyamwezi walioteremsha pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya, kila mtu na mzigo wa frasila mbili hivi, kilo 30 na ushee, begani. Kwa nini si magari ya kukokotwa? Wamisionari Waingereza walijaribu mwaka 1877 kutokea Saadani. Ng'ombe wao wakafa kwa mbung'o. Mabega yakaendelea kubeba hadi reli ilipofika Tabora, 1912. Jumba hili linaitwa kwa jina la Livingstone. Wapagazi nao waandikwe mlangoni.